Simu Janja na Siri za Watu: Nani Ashike Mizani?

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Nyashimo, Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu



Hakuna mkulima wa pamba katika Usukuma asiyejua maana ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, biashara ya pamba katika Jimbo la Ziwa ilipokuwa bado mikononi mwa wanunuzi binafsi, malalamiko ya wakulima hayakuwa juu ya bei peke yake. Yalikuwa pia juu ya upimaji. Mkulima alifikisha mzigo wake kwa mnunuzi. Mnunuzi akaupima mwenyewe, akasoma mwenyewe, akaandika mwenyewe. Na mkulima akapokea alichopewa. Wakulima hawakuacha kulima pamba kwa sababu hiyo. Walichofanya ni kuweka watu wao wa kuhakiki mizani. Kutokana na juhudi hizo, ambazo miongoni mwa viongozi wake alikuwa Paul Bomani, vikakua vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 viliungana katika shirikisho lililojulikana kwa herufi za VFCU.

Historia hiyo inafaa kukumbukwa leo hapa Nyashimo, kwa kuwa iko biashara nyingine ambayo inaendeshwa kwa mizani inayosomwa na mnunuzi peke yake. Bidhaa yake si pamba wala samaki wa ziwani. Bidhaa yake ni taarifa binafsi: jina la mtu, namba yake ya simu, mahali anapolala na anapofanya kazi, watu anaozungumza nao, fedha zinazoingia na kutoka katika simu yake. Gulio la biashara hiyo ni simu janja.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba simu si adui. Nyashimo ni makao makuu ya Wilaya ya Busega, iliyomegwa kutoka Magu mwaka 2012 wakati Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa, na mji huu uko katika barabara kuu iendayo Mwanza na Musoma. Katika wilaya changa kama hii, simu imefupisha safari nyingi. Mkulima hupata habari za bei bila kupanda basi. Mzazi hutuma ada bila kumpa mtu bahasha. Mwalimu hupata vitabu na mitihani ya zamani ambayo maktaba ya shule haina. Mtu atakayewaambia wananchi watupe simu zao atakuwa hajui shida zao. Swali lililopo ni jingine: huduma hizi zinazoitwa za bure zinalipwa na nani, na kwa mali ya nani?

Tuseme wazi kile ambacho watu wengi hukihisi bila kukitamka. Kampuni haiwezi kujenga majumba makubwa ya kompyuta, kuajiri maelfu ya mafundi na kuhudumia mabilioni ya watu bila malipo yoyote. Kampuni ya Meta, ambayo ndiyo yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, mwaka 2024 ilipata mapato yanayozidi dola bilioni 160 za Kimarekani, na karibu yote yalitokana na matangazo ya biashara. Mtumiaji wa kawaida hakutoa hata senti moja katika fedha hizo. Alichotoa ni muda wake na habari zake.

Watu wa Simiyu wanaujua mnada wa ng'ombe. Ng'ombe husimamishwa, wanunuzi humkagua, bei hutajwa kwa sauti, na mwenye ng'ombe yupo anasikia. Akiona bei haifai, humrudisha ng'ombe wake nyumbani. Matangazo ya mtandaoni nayo huuzwa kwa mnada. Mtu anapofungua ukurasa katika simu yake, kabla hajamaliza kufumba na kufumbua, kompyuta za watangazaji huwa zimeshindana kwa bei ili kupata nafasi ya kumwonyesha tangazo. Zinachoshindania ni yeye: umri wake unaokisiwa, mahali alipo, simu anayotumia, mambo aliyoyatafuta jana. Makampuni hujitetea kwamba hayauzi majina ya watu bali nafasi ya kuwafikia. Hata utetezi huo ukikubaliwa, tofauti na mnada wa ng'ombe inabaki palepale. Mwenye mali hajui kwamba mnada umefanyika, hakusikia bei, na hawezi kumrudisha ng'ombe nyumbani.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema: basi, kama ni habari zangu, na mimi nimekubali, kuna ubaya gani? Kila mtu ana haki ya kuuza mali yake. Hoja hii husikika sana, hata katika vyumba vya walimu. Upungufu wake ni kwamba kilichomo ndani ya simu si mali ya mwenye simu peke yake.

Simu ya mtu mmoja ina majina na namba za mamia ya watu. Ina picha za watoto wa jirani, ujumbe wa dada aliyeeleza ugonjwa wake, habari za harusi na za misiba. Watu hao hawakusoma masharti yoyote, wala hawakubonyeza neno la kukubali. Mwenye simu anapoiruhusu programu isome kitabu chake cha namba, anatoa cha kwake pamoja na vya wenzake wote. Anafanana na mwanachama wa ushirika anayeuza pamba iliyo ghalani, yake na ya wanachama wengine, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Dunia iliona ukubwa wa jambo hili mwaka 2018, ilipofichuka habari ya kampuni ya Cambridge Analytica ya Uingereza. Miaka michache kabla ya hapo, watu wapatao 270,000 walikuwa wamejibu maswali ya kupima tabia katika programu moja iliyounganishwa na Facebook. Programu ile haikuishia kwa waliojibu; ilichota pia habari za marafiki zao. Facebook yenyewe ilikuja kukadiria kwamba watu walioguswa huenda wakafika milioni 87. Kwa kila mtu mmoja aliyekubali, zaidi ya watu mia tatu ambao hawakuulizwa walichukuliwa habari zao, na habari hizo zikatumika katika kampeni za siasa. Mwaka 2019 Facebook ilikubali kulipa faini ya dola bilioni 5 nchini Marekani kwa makosa ya kutolinda faragha ya watumiaji wake.

Lakini hapana haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano. Nchini Tanzania lipo jambo ambalo watumishi wengi wanalijua kuliko wanavyopenda kulisema, nalo ni mikopo ya mtandaoni. Mtumishi amebanwa: mshahara bado, mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, au mgonjwa anatakiwa kupelekwa Bugando. Katika simu yake anaona tangazo la mkopo usiohitaji dhamana wala mdhamini. Anapakua programu, nayo inaomba ruhusa ya kuona namba zake, ujumbe wake mfupi na picha zake. Anakubali, kwa kuwa bila kukubali hapati fedha. Fedha inaingia baada ya dakika chache. Tarehe ya kulipa ikipita, ujumbe unaanza kufika kwa mkuu wake wa kazi, kwa mama mkwe, kwa wazazi wa wanafunzi wake, kwa fundi aliyemtengenezea baiskeli mara moja tu: fulani ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe.

Hapo ndipo inapoonekana kwamba mkopo ule ulikuwa na dhamana tangu mwanzo. Dhamana yenyewe ni heshima ya mkopaji na utulivu wa watu wote wanaomfahamu. Mwalimu anayesimama mbele ya darasa, huku wazazi wa watoto wale wameletewa ujumbe wa kumdhalilisha, ametozwa riba ambayo haikuandikwa popote.

Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2024, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni na bila kutimiza matakwa ya mwongozo huo, yakiwamo ya uwazi wa tozo, njia za haki za kudai madeni na ulinzi wa faragha ya wateja. Kenya ilikuwa imetangulia. Kanuni zake za mwaka 2022 zilimkataza mkopeshaji wa kidijitali kutumia kitabu cha namba cha mteja kuwapelekea watu ujumbe wa deni lake. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kuwatumia watu ujumbe wa vitisho baada ya kupata majina na namba zao kwa watu wengine. Hata kampuni ya Google, ambayo ghala lake la programu ndilo linalotumiwa na wengi, ilizikataza programu za mikopo kusoma namba na picha za wateja kuanzia tarehe 31 Mei 2023. Hata hivyo programu huweza kupatikana nje ya ghala hilo, kwa kiungo kilichotumwa katika kundi la WhatsApp, na huko hakuna mlinzi.

Itaulizwa: je, mkopaji hakuridhia? Jibu ni kwamba ridhaa ina masharti yake. Anayeridhia ni lazima ajue anaridhia nini, na awe na nafasi ya kukataa. Masharti ya programu nyingi ni kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, zilizowekwa mbele ya mtu mwenye haraka na shida. Mwaka 2023 mjini Nairobi watu walipanga foleni ndefu ili mboni za macho yao zipigwe picha na mtambo wa kampuni ya Worldcoin, wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi za Kenya zipatazo 7,000. Serikali ya Kenya ilisimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti mwaka ule, na mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru taarifa hizo zifutwe, ikaona kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kushawishiwa na malipo haikuwa ridhaa halali. Hukumu hiyo ina funzo kubwa. Namba ya siri ikiibwa hubadilishwa, lakini jicho la mtu halibadilishwi.

Ndugu walimu, ndugu watumishi,

Ikiwa simu ya mwananchi wa kawaida ina siri za jamaa zake, simu ya mtumishi wa umma ni ghala la siri za wananchi. Mwalimu ana majina ya wanafunzi, matokeo yao, namba za wazazi, na pengine habari ya mtoto anayelelewa na bibi kwa sababu ambazo hazifai kutangazwa. Mganga ana picha ya cheti cha mgonjwa aliyoomba ushauri juu yake. Ofisa mtendaji ana orodha ya kaya, namba za vitambulisho vya Taifa, na majina ya watu wanaopokea misaada. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza nchini tarehe 1 Mei 2019, namba ya simu imefungwa pamoja na kitambulisho cha mwenyewe. Anayetoa namba ya mtu sasa hatoi tarakimu tu. Anaonyesha mlango wa nyumba yake.

Habari hizi zote zilizopo katika simu ya mtumishi zimo humo kwa sababu mwananchi aliziamini ofisi za umma. Hakuzileta kwa ajili ya programu ya mchezo, wala ya tochi, wala ya mkopo wa siku saba. Mtumishi akiiruhusu programu ya namna hiyo ipekue simu anayofanyia kazi, amefungua kabati la ofisi na kumwachia mgeni ufunguo. Kama kabati hilo lingekuwa la mbao na mafaili, hakuna ambaye asingeona kosa. Kwa kuwa ni kioo kinachoingia mfukoni, kosa halionekani. Wahenga walikwisha sema: kikulacho ki nguoni mwako.

Yapo pia makosa yanayofanywa kwa nia njema. Mwalimu hupiga picha orodha nzima ya matokeo, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, akaituma katika kundi la wazazi ili kuwahimiza. Shule huweka picha za watoto mtandaoni ili kujitangaza. Mwezi Septemba 2023 shule moja ya Kenya, Roma School ya Uthiru, ilitozwa faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi wao. Huenda shule ile haikuwatakia watoto wake mabaya. Lakini picha ya mtoto ikishatoka haina mwenyewe tena, na mtoto aliyekuwa wa mwisho darasani akiwa na miaka tisa hana sababu ya kufuatwa na orodha hiyo akiwa na miaka thelathini.

Watasema wengine kwamba mtu mwema hana la kuficha. Hoja hiyo haina uzito. Siri si uovu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haisimami sokoni kuitangaza. Mgonjwa ana siri, naye hakukosea. Mjane ana siri ya kiasi cha pensheni yake, kwa sababu anawajua ndugu watakaokuja kukopa. Mkulima aliyeuza pamba ana siri ya fedha zilizomo katika simu yake, kwa sababu wezi nao wanasoma msimu. Faragha ni ukuta wa nyumba, na mwenye haja kubwa zaidi ya ukuta ni mnyonge, kwa kuwa tajiri huweza kuajiri mlinzi.

Taifa limekwisha kulitambua jambo hili. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake ya binafsi. Mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi halali linalojulikana, zisizidi kusudi hilo, na zilindwe. Taarifa zinazohusu watoto, afya, miamala ya fedha na alama za mwili zimewekwa katika fungu la taarifa nyeti. Mwananchi amepewa haki ya kujua taarifa zake zinatumika vipi, kutaka zisahihishwe, kukataa zisitumike kumtangazia biashara, na kupeleka malalamiko yake kwa Tume.

Sheria ni mizani. Lakini wakulima wa Usukuma walijifunza kwamba mizani haifai kitu ikiwa hakuna anayesimama kando yake kuisoma. Hapo ndipo wajibu wa mwalimu na mtumishi unapoanza, kwa kuwa wao ndio wanaoweza kusoma, na mwananchi huwauliza wao kwanza.

Wajibu wa kwanza uko katika simu ya mtumishi mwenyewe. Afungue sehemu ya mipangilio, atazame kila programu imeruhusiwa kuona nini, na kila ruhusa isiyolingana na kazi ya programu aiondoe. Tochi haina haja ya kujua namba za watu. Mchezo wa karata hauna haja ya kujua mtu yuko wapi usiku. Kitambulisho cha matangazo kilichomo katika simu huweza kufutwa, na kufuta hakuharibu simu. Programu isiyotumika iondolewe.

Wajibu wa pili ni wa ofisi na shule. Matokeo ya mwanafunzi apewe mzazi wake. Picha ya mtoto isitumwe popote bila ridhaa ya mzazi. Orodha za wananchi zisisafiri katika makundi ya WhatsApp kwa sababu tu ni rahisi. Zipitie mifumo rasmi ya Serikali, na nakala iliyobaki katika simu ya mtu ifutwe kazi inapokwisha. Mambo haya hayahitaji bajeti. Yanahitaji kikao kimoja na makubaliano ya watu wazima.

Wajibu wa tatu ni mgumu zaidi. Haitoshi kumwambia mtumishi asikope mtandaoni, huku shida iliyompeleka huko imeachwa ilivyo. Mtu hakimbilii mkopo wa siku saba kwa kupenda. Ni juu ya watumishi kuimarisha vyama vyao vya akiba na mikopo, vitoe mkopo wa dharura kwa haraka na kwa siri, kwani chama kinachomweka mwanachama wiki tatu akingoja fedha za mgonjwa ndicho kinachompeleka kwa mkopeshaji asiye na leseni. Na yeyote anayelazimika kukopa kwa njia ya simu ahakikishe kwanza kwamba mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu.

Wajibu wa nne ni wa darasani. Mtoto wa Nyashimo anayejifunza leo kuhesabu atakuwa na simu yake kabla hajawa na shamba lake. Afundishwe mapema kuuliza maswali matatu kila anapopewa kitu cha bure: nani anakitoa, anachukua nini, na kinachochukuliwa ni cha nani. Maswali hayo yafaa yafundishwe kwa Kiswahili, na yaulizwe nyumbani pia, ili bibi anayepigiwa simu na mgeni anayejua jina lake asidhani kwamba ni muujiza.

Wazee waliosimama kando ya mizani za pamba hawakuwa wataalamu wa upimaji. Walikuwa wakulima waliokataa kupokea hesabu wasiyoiona. Wajukuu zao wanashika simu mkononi, wanasoma, wanaandika, na wana sheria inayowalinda. Hapana budi waitumie, na walimu na watumishi wa Nyashimo waanze kwa kufungua simu zao wenyewe leo, kabla hawajafungua vinywa kuwashauri wengine.